Ulimi wa Bi Mizani

Kidole ndicho kilichosema kwanza. Mama Mapovu alikuwa uani anasugua sufuria kwa kipande cha sabuni kilichovunjika pembe, kile kisichofaa kuuzwa, na kwenye kidole chake cha shahada kulikuwa na mkwaruzo mdogo wa kisu ambao hata alikuwa ameusahau. Povu lilipoufikia, sufuria ilimtoka mkononi ikabingirika mpaka ukutani. Sabuni huwasha kidonda, hilo kila mtu analijua. Lakini kuwasha ni kuwasha na kuungua ni kuungua, na mwanamke aliyepika sabuni miaka sita hahitaji kufundishwa tofauti yake.

Alimimina maji safi juu ya kidole mpaka ndoo ikafika nusu. Kisha akafanya jambo ambalo katika nyumba ile halikuwa kazi yake. Alikikwangua kile kipande kwa ukucha, akagusisha ncha ya ulimi, akatema papo hapo. Machozi yalimlengalenga. Sabuni ilikuwa imejaa kostiki, ile dawa kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni, ambayo ikipimwa sawasawa hutulia ikaisha, na ikizidi hubaki humo humo ikimngoja mtu.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote. Hakuna kipande kilichovuka kizingiti kabla mama mkwe hajakiweka ulimini. Yeye ndiye aliyeianza kazi hii, akiwa mjane mwenye sufuria moja, na hakuwahi kununua mizani maishani mwake. Alipima kwa kopo la maziwa ya unga, akahakikisha kwa ulimi. Majirani walimbandika jina la Bi Mizani, likamganda. Mpaka hospitali ya karibu walilijua jina hilo. Wodi ya wazazi iliwaogeshea watoto wachanga sabuni yake, na sista mkuu wa wodi, mwanamke asiyemwamini hata daktari, alisema wazi kwamba anauamini ulimi wa bibi yule.

Na ulimi huo ulikuwa umeionja sabuni hii jana alasiri. "Haina neno," Bi Mizani alisema. "Pelekeni." Asubuhi hii mume wa Mama Mapovu, fundi viatu, alikuwa amefunga vipande mia na sitini nyuma ya baiskeli, akaenda navyo wodini kabla ya kufungua kibanda chake. Sasa ilikuwa yapata saa tano. Wodi huwaogesha watoto saa sita.

Bi Mizani alikuwa kwenye chumba cha kukaushia, ameketi kwenye kiti chake kifupi kati ya rafu, anakata karatasi za kufungia.

"Mama, hebu nionjee hiki."

"Kina nini?"

"Nionjee tu, mama."

Mama mkwe alikipokea, akakipangusa kwenye nguo yake, akakibandika ulimini kama alivyofanya mara elfu. Mama Mapovu akasubiri atikise kichwa, ateme, akunje uso, lolote lile. Bi Mizani alikaa na kile kipande ulimini huku akitazama dirishani, ametulia kabisa, na muda ukapita ambao ulimi wa binadamu haungeuvumilia.

"Haina neno," akasema.

Kwenye ulimi wake palikuwa pameota baka jeupe, ngozi ikianza kuchubuka. Hakuwa na habari.

Mama Mapovu akachota maji kwenye jagi, akapiga magoti mbele yake. "Sukutua, mama. Tema. Sukutua tena."

"Unanifundisha kazi yangu leo?"

"Sukutua, mama, nakuomba."

Akasukutua. Mara tatu, nne, maji yakimdondoka kidevuni. Wote wawili walikuwa wameshajua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

"Tangu lini?" Mama Mapovu aliuliza hatimaye.

"Tangu lini nini?"

"Mama."

"Ulimi huu una umri mkubwa kuliko ndoa yako," alisema Bi Mizani, akarudia karatasi zake. Lakini mkasi ulikuwa unakata hewa tu.

Mama Mapovu alitoka nje, akajishika kiuno. Hasira ya kwanza ilikuwa juu yake mwenyewe, maana macho yake yalikuwa yameona, akayanyamazisha. Kostiki ya safari hii ilitoka kwenye mfuko mpya. Ile ya siku zote ilikuwa vigamba vyepesi, hii ilikuwa punje ndogo za mviringo. "Mama, hii imebadilika sura," alisema siku ile. "Kopo ni kopo," akajibiwa. Akakata mche kwa waya ukapasuka vipande vipande, juu yake pana unga mweupe. Aliyaona hayo yote. Akajiambia ulimi utasema. Basi ulimi ukasema.

*

Simu ya wodi iliita mara nne bila kupokelewa. Mara ya tano alikuwa anaipiga huku anavaa viatu, na mumewe akaingia uani kutoka kibandani akisukuma baiskeli tupu, anapiga mluzi.

"Baba watoto, geuza hiyo baiskeli. Sabuni ni mbovu. Inaunguza."

Mluzi ukakatika. "Si mama ameionja?"

"Mama hasikii kitu. Ulimi umekufa. Ameibandika mbele yangu mpaka ngozi imeungua, ananiambia haina neno."

Fundi viatu hakushangaa, na hapo ndipo Mama Mapovu alipopata pigo la pili. Mtu asiyeshangaa ana lake. Mumewe aliangalia tairi la mbele, akalibonyeza kwa dole gumba kana kwamba lina pancha.

"Ulijua," akamwambia.

"Sikujua. Nilihisi tu. Tangu ile homa yake. Juzi alikunywa chai ya moto kama maji ya mtungini, nikasema labda ni uzee."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Nimwambie mama yangu ulimi wake umekufa? Ni nini kingine alichonacho yule?" Alishusha sauti, akatupa jicho kwenye dirisha la chumba cha kukaushia. "Sikiliza. Nenda useme tumepeleka mzigo wa watu wengine kwa makosa. Tunauchukua, tunaondoka, mambo yanaisha kimya kimya."

"Na kama wameshaanza kuogesha?"

Akalibonyeza tena tairi.

"Mtoto wa siku moja, baba watoto. Ngozi yake unaijua. Umewabeba wawili."

Akapanda nyuma ya baiskeli bila kungoja jibu, mtu mzima mwenye mwili wake, na mumewe akakanyaga. Kila walipofika kwenye kona Mama Mapovu alijikuta anahesabu dakika.

*

Wodini kulikuwa na vitanda kumi na vinane na sinki tatu, na kwenye kila sinki palikuwa na kipande cheupe kipya. Mabeseni yalikuwa yameshapangwa juu ya meza ndefu, mvuke unatoka. Mwanamke mmoja mzee, bila shaka nyanya wa mtoto, alikuwa amemshika mjukuu wake uchi kwenye kiganja cha kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa unaisugua sabuni majini.

"Bibi, usiitumie hiyo."

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Wodi nzima ikageuka. Yule bibi akabaki na mtoto hewani.

"Nawa mkono kwa maji matupu, bibi. Mengi. Usimguse mtoto kwanza. Sabuni hiyo ina dawa kali, inaunguza."

"Inaunguza?" Bibi akautazama mkono wake. "Mbona siioni?"

"Utaisikia. Nawa, tafadhali."

Sista mkuu alitokea nyuma ya pazia akiwa na kalamu mdomoni. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, na alikuwa na tabia ya kuongea chini kadiri hasira inavyopanda. Aliitoa kalamu mdomoni. "Nani amesema inaunguza?"

"Mimi, Sista. Mimi ndiye niliyeipika."

Hakuna aliyempigia kelele, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Sista alimwonyesha kwa kidole kitanda cha kwanza. "Basi zikusanye mwenyewe. Kitanda kwa kitanda. Na kila mmoja mwambie kwa nini."

Akazikusanya. Mara kumi na nane alisema maneno yale yale, kwa wanawake waliolala na walioketi, wengine wamemshika mtoto kifuani, na kila mmoja alimwangalia juu mpaka chini kabla ya kuachia. Mmoja aliuliza kama alitaka kuwaua watoto wa watu. Mwingine alicheka, akamwambia jirani yake kwamba siku hizi kila mwenye sufuria ni fundi sabuni. Msafishaji wa wodi aliletwa na kuonyeshwa, viganja vyake vimekuwa vyekundu kwa kusugulia sinki tangu asubuhi. Sista akamweka kwenye bomba, akamwambia asitoke hapo kwa robo saa. Mama Mapovu alimwomba radhi. Msafishaji akasema, "Haya," bila kumtazama.

Mumewe alikuwa anahesabu mlangoni. "Mia na hamsini na tisa," akasema.

Kipande kimoja hakikuonekana. Wakatazama chini ya vitanda, kwenye ndoo za taka, kwenye kabati la mashuka. Sista alisimama katikati ya wodi amekunja mikono kifuani. Kipande kimoja kingetosha. Kingeweza kuwa ndani ya mfuko wa mtu aliyeshaondoka na mtoto wake, yuko nyumbani, amebandika maji jikoni.

"Ninacho mimi," ilisema sauti kutoka kitanda cha dirishani. Binti mdogo, mzazi wa mara ya kwanza, aliingiza mkono chini ya mto, akakitoa kikiwa bado kwenye karatasi. Alikuwa amejaa haya usoni. "Kilikuwa kinanukia vizuri. Nilitaka niende nacho nyumbani."

Mama Mapovu alikipokea kwa mikono miwili. Nusura amkumbatie yule binti.

Sista alimchukua kando, kwenye korido, karibu na mizani ya kupimia watoto. "Mimi sabuni hii naichukua kwa sababu moja tu," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Mama mkwe wako anaionja. Miaka yote hii sijapata hata mtoto mmoja mwenye upele. Leo nini kimetokea? Nani aliionja?"

Jibu la kweli lilikuwa pale pale mdomoni. Mama Mapovu alimwona mama mkwe wake kwenye kiti kile kifupi, mkasi mkononi, maji yakidondoka kidevuni.

"Mimi," akasema. "Safari hii nilionja mimi."

Mumewe, nyuma yake, alikohoa.

"Nilidhani hivyo," Sista alisema. "Kila mtu siku hizi anataka kuwa bingwa. Basi nisikilize. Wewe usionje tena sabuni ya watoto wangu. Pikeni nyingine, nitakuja mwenyewe Jumamosi ya wiki ijayo nikitoka kazini. Bibi aionje mbele yangu. Akisema sawa, tunaendelea. Nauamini ulimi wake, wako siuamini."

Njiani kurudi, sanduku la sabuni limefungwa nyuma, walitembea kwa miguu na kuisukuma baiskeli. Walifika nusu ya njia ndipo fundi viatu akasema, "Umemwokoa mama."

"Nimetutia kitanzini," mkewe alijibu. "Umemsikia? Kuanzia sasa ni ulimi wa mama peke yake. Ulimi uliokufa ndio utakaowalinda watoto wa watu."

*

Kwa muuza nafaka wa mtaa wa pili Mama Mapovu aliazima mizani, na humo ndimo siri yote ilimokuwa. Kopo la vigamba, masalia ya mfuko wa zamani, lilitoa gramu mia nane. Kopo lile lile la punje lilitoa kilo kamili. Vigamba vinaachiana nafasi, punje zinabanana. Kopo halikusema uongo, lilikuwa limejaa vile vile kama siku zote. Robo nzima ya dawa ilikuwa imezidi, na hakuna jicho ambalo lingeweza kuiona.

Sabuni iliyozidi kostiki haitupwi, hutibiwa. Siku mbili walipara vipande mia na sitini kwa kikwangulio, glavu mikononi na vitambaa usoni, mpaka chumba kikajaa kama kiwanda cha nazi. Wakairudisha sufuriani na maji kidogo, moto mdogo, Mama Mapovu akiongeza mafuta aliyoyapima kwenye mizani gramu kwa gramu na kukoroga kwa mwiko mrefu mpaka ikawa nzito, ikalainika, ikaacha kutoa machozi.

Bi Mizani alipara pamoja nao. Mwanawe alikuwa amemweleza yaliyotokea wodini, na nani alijitwika kosa, na Sista anakuja lini. Alisikiliza, akasema, "Aa," akaendelea kupara. Wiki nzima nyumba ilikaa hivyo. Kikombe kiliwekwa mezani taratibu, mlango ulifungwa taratibu, na mkwe na mama mkwe walipishana jikoni kila mmoja akimpa mwenzake nafasi kubwa kuliko iliyohitajika. Kila asubuhi Mama Mapovu alijiambia leo nitazungumza naye, na kila jioni alikuwa hajazungumza. Alimwonea huruma, na alikuwa na hasira naye, na kila alipotafuta neno vyote viwili vilimjia mdomoni kwa pamoja.

Aliionja sabuni mpya mwenyewe, kwa siri, mara tatu. Ilikuwa safi. Maana yake mama mkwe angeweza kukaa mbele ya Sista, akabandika ulimi, akasema haina neno, na safari hii ingekuwa kweli. Na mwezi ujao? Na mwezi utakaofuata, mfuko mwingine, duka jingine?

*

Sista alikuja Jumamosi, bado na sare yake, akakataa chai. Aliwekewa kiti uani. Bi Mizani alikuwa ameoga, amevaa nguo yake ya kutokea, amekaa wima. Jikoni, mlango wa pili, sufuria ya mafuta ilikuwa motoni kwa ajili ya upishi mwingine, kwa sababu kazi haikungoja aibu.

Mama Mapovu alileta kipande kwenye sahani. Alikuwa ameamua kwamba bibi akisema haina neno, yeye atasema ukweli pale pale, mbele ya wote, na litakalokuwa na liwe. Alikuwa ameamua hivyo tangu alfajiri, na hata sasa hakuwa na hakika kama kinywa chake kingefunguka.

Bi Mizani alikichukua kipande. Akakinusa. Akakigeuza, akapitisha dole gumba kwenye ukingo. Akakifikisha karibu na mdomo.

Kisha akakirudisha kwenye sahani.

"Mtihani huu siuwezi," akasema. "Sista, huyu mkwe wangu alikudanganya. Hakuionja yeye. Niliionja mimi, na mimi sisikii kitu. Tangu nilipougua. Moto, baridi, chumvi, sukari, ulimini mwangu ni mamoja."

Fundi viatu aliinamisha kichwa. Sista hakutikisika.

"Ulijua kwamba husikii, mama, na ukasema ipelekwe kwa watoto wangu?"

"Nilijua." Sauti ya Bi Mizani ilikuwa kavu. "Nilijiambia kopo ni lile lile, mikono ni ile ile, itakuwa sawa. Imekuwa sawa mara mbili tangu niugue, nikapata kiburi. Ulitaka nifanye nini? Wanipe kiti kivulini? Niwe mzee wa kuulizwa umelalaje? Niliogopa. Ndiyo, niliogopa, nikaona heri ninyamaze. Sasa nimesema."

Sista alikitazama kile kipande kwenye sahani, akamwashiria Mama Mapovu kwa kidevu. Mama Mapovu akakionja mbele yake. "Ni sawa," akasema. Sista akainuka, akanawa mikono kwenye ndoo kwa kipande hicho hicho, polepole, akaviangalia viganja vyake, akajikausha.

"Nitachukua ya kufulia mashuka," alisema. "Ya watoto, hapana. Labda mwaka ujao, nikiona mizani yenu wenyewe humu ndani, na kila sanduku limeandikwa vipimo." Alimgeukia Bi Mizani, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole, ule upole anaowapa wagonjwa. "Umefanya kazi kubwa, mama. Sasa pumzika."

Akaaga, akaondoka. Fundi viatu akamsindikiza mpaka barabarani.

Bi Mizani alibaki palepale. Mabega yake yalikuwa yameshuka, na mikono ameilaza mapajani, viganja juu, mikono isiyojua pa kwenda. Mama Mapovu alisimama mbele yake na sahani. Maneno ya kumfariji yalikuwa mengi na yote yalikuwa yale yale aliyotoka kuyasema Sista.

"Mama, mafuta yako motoni," akasema. "Yakifika joto lake unayajua kwa kiganja juu ya sufuria. Mimi sijajua bado. Nikiyaacha yatachemka kupita kiasi. Njoo."

"Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Nina hasira na wewe, mama. Yule mtoto alikuwa hewani mkononi mwa bibi yake, uchi, nimemwona kwa macho yangu. Hasira hii haitaisha leo wala kesho." Akaiweka sahani chini. "Lakini mafuta yanaungua."

Mama mkwe akamwangalia, mara ya kwanza tangu siku ile ya jagi la maji. Akamnyooshea mkono amwinue. Mama Mapovu akaushika, akamvuta, na wakaingia jikoni, mmoja nyuma ya mwenzake.